Nani Utingo Wako?

Mchezo mmoja wa mpira katika banda langu huchukua dakika kumi na mbili na huniletea shilingi ishirini. Hesabu hiyo naijua hata usingizini. Vijana wawili wanakaa, wanasukumana mabega, mmoja anafungwa mabao manne, anailaumu padi, anatoka, wengine wawili wanaingia. Tangu alasiri hadi isha, umeme ukikubali, nimeshapata pesa ya sukari na ya majani. Ni biashara safi kwa mtu wa Habaswein, mji ambao jina lake kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na ambao kila siku saa nane mchana unahakikisha hujasahau maana yake.

Kisha mpwa wangu akaja kutoka Minneapolis.

Alikuja na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la nyanya yake: mitandio, mafuta ya kuchua magoti, na vidonge vya vitamini vya kumtosha ngamia na ndama wake. La pili lilikuwa na Xbox 360 kuukuu iliyofungwa ndani ya taulo. "Abti," akaniambia, "nimekuletea mtaji." Nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba mtaji huo una domo.

Tuanze na umeme. Mashine ya Marekani hula volti 120. Sisi hapa tunakula 240, siku tunazokula. Umeme wa mji huu haujazoea kutoka Masinga wala Olkaria. Kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya dizeli iliyo hapa hapa mjini, ikisaidiwa na sola kidogo na upepo kidogo, hivi kwamba jenereta likikohoa tunalisikia kama mgonjwa wa chumba cha pili. Ikabidi niagize transfoma kutoka Garissa. Ilifika ikiwa na uzito wa mbuzi wa Idi, inanguruma, na inapata moto kiasi kwamba paka wa jirani amehamia juu yake. Gharama hiyo nimeiandika kwenye daftari. Haijarudi mpaka leo.

Halafu gemu yenyewe. Inaitwa Mass Effect, kazi ya kampuni ya BioWare ya Kanada. Ya kwanza ilitoka Novemba 2007, ya pili Januari 2010, ya tatu Machi 2012, na mpwa alikuwa nazo zote tatu. Mchezaji ni mmoja tu. Anaitwa Kamanda Shepard, ana meli ya angani inayoitwa Normandy, na kazi yake ni kuokoa viumbe wote wasiangamizwe na mitambo mikubwa ambayo hurudi kila baada ya miaka 50,000 kuyafagia mataifa yaliyostaarabika. Nilitarajia bunduki. Bunduki zimo, lakini nusu ya muda huyu Kamanda anazunguka ndani ya meli yake akipiga gumzo. Anakwenda kwa huyu, anamwuliza habari za kwao. Anakwenda kwa yule, anamwuliza habari za baba yake. Saa arubaini! Hiyo si gemu, hiyo ni baraza. Na anayecheza ni mmoja, analipa ishirini, huku wengine kumi na tisa wamekaa kwenye magunia yangu ya mchele wakitazama bure na kunywa chai ya mkopo.

Mitambo ya kuangamiza haikumtisha mtu. Miaka 50,000! Sisi mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ikaisha, na ilipoamua kunyesha mwishoni mwa 2023 ikanyesha yote kwa pamoja ikakata barabara. Mtu aliyepitia hayo, ukimwambia kuna balaa linakuja baada ya miaka 50,000, anakuuliza kama kuna chai iliyobaki.

Kilichowagombanisha ni wale watu wa melini. Kamanda ana kikosi kizima cha wenzake, binadamu na viumbe wa sayari nyingine, lakini kila anaposhuka kwenda kazini anaruhusiwa kuchukua wawili tu. Wawili. Wengine wanabaki melini. Sasa nani aende, nani abaki, nani mwaminifu, nani mzigo: hapo ndipo biashara yangu ilipokufa.

Tulipata shida hata ya kuwaita. Mpwa, ambaye Kiswahili chake alikiacha hapa akiwa darasa la pili, alisema "masahaba". Mzee mmoja aliyekuwa akinunua betri za tochi akageuka polepole akamwambia kwamba neno hilo lina wenyewe, na hawakuwa na mikia. Mwalimu wa fizikia, kijana wa kutoka bara, akapendekeza "wenza". Vijana wakacheka mpaka akakaa. Ni dereva wa lori aliyetuokoa. Yeye hupanda na kushuka barabara hii na sukari na saruji, na lugha yake ni ya kazi. "Huyo Shepard ni dereva," akasema. "Hao wengine ni utingo." Neno likakaa. Utingo wake halisi, kijana wa Isiolo asiyezungumza sana, alikuwa ameketi mlangoni akikwangua matope kwenye kandambili. Hakuna aliyemwuliza maoni yake.

Dereva ndiye aliyeanza kunogewa, na kosa ni la gari. Katika gemu ya kwanza Kamanda hushuka kwenye sayari na gari la magurudumu sita liitwalo Mako, ambalo linaruka kila jiwe, linapanda ukuta, linabingirika na kusimama tena likitazama lilikotoka. Wazungu wengi waliliponda gari hilo. Dereva alilitazama kwa upendo. "Hili," akasema, "limepita barabara ya Modogashe." Na ndani ya gari, utingo wawili wamekaa kimya bila kulalamika, jambo ambalo alisema ndilo la ajabu kuliko sayari zote.

Mpwa wangu ni mtu wa Garrus. Mjue basi: Garrus Vakarian ni Mturiani, ana uso wa mjusi na sauti ya mtangazaji wa redio, mlenga shabaha hodari. Alikuwa polisi wa mji mkuu wa angani, akaacha kazi kwa sababu taratibu zilikuwa nyingi mno. Katika gemu ya pili tunamkuta kwenye mji wa wahalifu amejificha ghorofani, amejipa kazi ya kuwamaliza majambazi kwa bunduki ya mbali, bila kesi wala hakimu. Vijana wakapiga makofi. Kwao huyo ndiye utingo namba moja, rafiki wa kufa na kuzikana.

Wazee hawakupiga makofi. Niseme tu kwamba tuko Wajir, na uwanja wa ndege wa Wagalla uko katika kaunti hii, na Februari 1984, askari walipoua watu pale, si zamani kwa mtu mwenye ndevu nyeupe. Yule mzee wa betri aliuliza swali moja: "Alipowapiga, nani alimwonyesha kwamba ni majambazi?" Mpwa akaanza kueleza kwamba gemu imeonyesha wazi. Mzee akasema, "Sawa," kwa ile sauti yetu ya "sawa" ambayo maana yake si sawa, tukaendelea.

Mimi Garrus nilimchukia kwa sababu nyingine. Katika gemu ya pili, ukishamwokoa, ukimfuata melini kwa mazungumzo anakwambia yuko katikati ya kurekebisha mizinga. Ukirudi kesho, anarekebisha. Keshokutwa, bado anarekebisha. Vijana wanaona kichekesho. Mimi nimewahi kumngoja fundi wa jokofu siku kumi na tisa, na kila nilipompigia alikuwa "anamalizia kitu kidogo". Nikiona tabia hiyo hata kwa mtu wa sayari nyingine naumwa tumbo.

Sasa Wrex.

Urdnot Wrex ni Mkrogani, na Mkrogani ni mtu wa ukubwa wa tangi la maji, ngozi ya kifaru, na mgongoni ana nundu. Mwalimu, ambaye husoma kila maandishi mpaka yale madogo ya pembeni, akatusomea: nundu ya Mkrogani huhifadhi maji na lishe, hivyo anaweza kukaa muda mrefu bila kula wala kunywa, na nundu ikiwa kubwa, mwenye nayo anaheshimiwa. Kwao ni sayari ya Tuchanka, vumbi na magofu, ambako kila kiumbe kinajaribu kukuua.

Banda zima likanyamaza. Kisha dereva akasimama juu ya gunia langu la mchele akapaza sauti, "Wariah! Huyu ni wetu!"

Na kweli, kadiri ulivyozidi kumtazama ndivyo ulivyozidi kumwona. Hasemi sana. Anakutazama kwa upande wa jicho. Ana kinyongo cha miaka mingi na bado anakumbuka siku. Ukimbebesha anabeba, ukimwudhi hakwambii, anasubiri. Mchungaji yeyote wa hapa anamjua mnyama huyo kwa jina na kwa alama ya chuma.

Kisha Mwalimu akaja kwenye habari ya ugonjwa. Wakrogani walizaana, wakajaa, wakaanza kuchukua sayari za wengine. Mataifa makubwa yakashtuka, na wataalamu wa Wasalariani wakatengeneza maradhi yaliyowafanya watoto karibu wote wa Wakrogani wasizaliwe hai, mmoja tu katika kila elfu. Mzee wa betri, ambaye kufikia hapo alikuwa ameketi na kuvua viatu, akaanza kuhoji kama wakili.

"Kwa hiyo walihesabiwa, wakaonekana wengi?"

"Ndiyo, mzee."

"Serikali ikasema haiwezekani wawe wengi hivyo?"

"Karibu hivyo, mzee. Ikawatengenezea ugonjwa."

Mzee akafikiri. Ndugu msomaji, kama umesahau, mwaka 2010 waziri alifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, Wajir Mashariki ikiwemo, kwa hoja kwamba watu walikuwa wameongezeka kupita inavyoaminika. "Sisi," mzee akasema mwishowe, "walifuta karatasi tu. Alhamdulillahi."

Tangu jioni hiyo Mordin Solus, utingo mwingine ambaye mimi nilianza kumpenda, hakuwa na bahati hapa. Mordin ni Msalariani, daktari, anasema haraka kama mnadi wa mbuzi anayechelewa basi, na watu wa kabila lake hulala saa moja tu kwa siku. Saa moja! Ningemwajiri leo hii, mchana dukani, usiku mlinzi. Lakini ikatokea kwamba ni yeye aliyeushughulikia upya ule ugonjwa ulipoanza kuwaishia makali Wakrogani. Nikatoa hoja kwamba katika gemu ya tatu anaweza kujitolea roho yake ili kuwaponya. Dereva akaniambia daktari anayetoboa tairi hasifiwi kwa kuziba.

Lakini lililomvika Wrex taji ni hadithi ya baba yake. Baba alikuwa mkuu wa ukoo, mwenye kupenda vita. Mwana alitaka watu watulie, wazae, wapone. Baba akaitisha kikao. Akakiitisha kwenye makaburi ya wahenga, mahali ambapo kwa mila yao damu haimwagwi. Mwana akaenda. Kumbe baba ameficha watu wenye silaha.

Aliyekuwa akitafuna miraa aliacha kutafuna. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo sehemu hiyo ya gemu imesikilizwa kwa uzito ule. Sisi maslaha ndiyo mahakama yetu, na mtu anayevunja kikao cha maslaha hana jina la kumwita mbele ya watoto. Wrex alimwua baba yake siku hiyo na kuondoka kwao. Mzee wa betri alivaa viatu vyake. "Huyo baba," akasema, "hana wa kumdai dia." Akaenda kuswali, na betri akazisahau kaunta.

Mama yangu aliingia kwenye mambo haya kwa sababu ya kelele. Banda limepakana na ua wake. Alikuja usiku mmoja kutuzimia kila kitu, akamkuta kwenye tivi binti aliyejifunika toka utosini hata vidoleni, na uso umefichwa nyuma ya kioo cha zambarau. "Na huyu mtoto wa watu ni nani?" akauliza.

Huyo ni Tali'Zorah. Wakwariani ni wafugaji wasio na mifugo: walifukuzwa kwao na mashine walizozitengeneza wenyewe, na kwa karibu miaka mia tatu wanahamahama angani kwa msafara wa meli maelfu. Kinga yao ya mwili ni dhaifu, ndiyo sababu ya vazi. Kijana wao akifikia umri huondoka peke yake kwenda hija, akazunguke ugenini, na haruhusiwi kurudi mikono mitupu. Lazima alete kitu cha manufaa ndipo meli fulani impokee. Jina lake hubeba meli aliyozaliwa, na baadaye hubeba iliyompokea. Mpwa alikuwa akimtafsiria nyanya yake haya yote kwa Kisomali chenye baridi ya Minnesota, na mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kana kwamba anasimuliwa posa.

"Meli iliyompokea inaitwaje?"

"Neema, ayeeyo."

Mnacheka, lakini ndivyo: katika gemu ya pili Tali ni wa meli ya Neema, kama duka la nguo la Eastleigh. Mama akavuta kigoda. Kwake shindano lilikwisha usiku huo. Binti amejisitiri, anajulikana ni wa nani, ametoka ugenini na zawadi mkononi. Akamgeukia mjukuu wake, akaitazama Xbox, akaitazama transfoma na paka juu yake, akanitazama mimi. "Na wewe," akamwambia kijana, "ndicho ulicholeta kutoka hija?"

Kwa wengine hakuwa na huruma. Liara, yule wa ngozi ya buluu, mtaalamu wa mambo ya kale, aliposikia ana miaka 106 na katika kabila lake bado ni msichana, aliguna tu. Alisema anawajua wasichana wa aina hiyo. Miranda, utingo mwingine wa Kamanda, ndiye aliyemkasirisha, na si yeye, ni kamera. Kila Miranda anapoeleza habari za huzuni za dada yake, kamera inashuka kumtazama mahali ambapo huzuni haikai. Mama alivua mtandio mmoja akaufunika kwenye tivi, tukasikiliza yaliyobaki kama redio. Vijana walinung'unika kwamba ni ushamba. Mpwa mwenyewe ndiye aliyekiri baadaye kwamba gemu hizi zilipotolewa upya mwaka 2021, watengenezaji walizisogeza baadhi ya kamera hizo za Miranda. Kwa hiyo mjue: hata Kanada inakubaliana na mtandio wa mama yangu.

Kuna mmoja zaidi nitamtaja, kwa sababu nilimlilia kimoyomoyo. Thane Krios ni mwuaji wa kukodiwa ambaye husali kila anapomaliza kazi, jambo lililomchanganya kila mtu. Lakini asili yake! Watu wake walitoka sayari kavu iliyogeuka jangwa, wakaokolewa na taifa la viumbe wa baharini wakapelekwa kwenye sayari ya maji matupu. Unyevu ukawaingia kwenye mapafu. Wanakufa kwa kupumua hewa ya wenyeji wao. Mimi niliwahi kukaa Mombasa miezi miwili kwa habari ya biashara ya vitenge. Shati halikuwahi kukauka. Usiku nilikuwa nahema kama samaki wa sokoni, na mwenye nyumba akinipepea na kuniambia, "Pumua tu, bwana, hii ndiyo hewa safi." Nikirudi, basi lilipopita Garissa na vumbi la kwanza likanipiga puani, kifua kikafunguka. Basi mkisema Thane hafai kwa kuwa anakohoa, mimi simo.

Sasa kesi.

Katika gemu ya kwanza kuna mahali panaitwa Virmire. Hapo Kamanda ana binadamu wawili kikosini, Kaidan na Ashley, kila mmoja amezingirwa upande wake, bomu linahesabu, na anaweza kumfuata mmoja tu. Mwingine anakufa, wala hakuna ujanja. Kaidan ni kijana mpole mwenye kifaa kichwani kinachompa nguvu na kipandauso. Dereva alikuwa ameshasema hajawahi kusikia utingo wa kuumwa kichwa. Ashley ni askari, mshairi kidogo, mjukuu wa jenerali aliyewahi kusalimu amri mbele ya wageni, na tangu hapo familia nzima haipandi cheo. Naye wageni hawaamini, ana ile sauti ya karani anayekuomba kitambulisho cha babu yako. Mpwa akamwokoa Ashley. Kaidan akaenda.

Asubuhi yake, nikiwa napima sukari, mzee wa betri akaingia na wenzake wawili wakakaa. Nilijua kwa namna walivyokaa. Kuna damu, wakasema. Aliyeamua yuko nyumbani kwako. Kwa mila yetu dia ya mwanamume ni ngamia mia, ya mwanamke hamsini. Na sisi si watu wa porini, Modogashe iko hapo tu, na azimio la mwaka 2001 la malisho, visima na wizi wa mifugo linabeba jina lake. Nikasema huyo ni mtu wa tivi. Wakasema ndiyo, lakini kijana alikuwa na nafasi ya kufikiri, na hakufikiri: angemwacha msichana angeokoa ngamia hamsini.

Walikuwa wakicheka, msinielewe vibaya. Ni mzaha wa wazee wenye muda. Nami nikaujibu kwa sheria: mimi ni abti, upande wa mama, na dia hulipwa na ukoo wa baba. Ni mara ya kwanza maishani kufurahia kuwa mjomba wa mtu.

Tatizo ni kwamba ukuta wa duka ni mabati.

"Hamsini?" sauti ya mama ikatoka ng'ambo.

Hakuna aliyejibu. Akaingia. Aliuliza kama yule binti mwenye bunduki kubwa kuliko wote melini, anayetangulia mlangoni kila siku, ndiye huyo wa hamsini. Wakasema ni mila tu, mama, ni gemu tu. Akawauliza miaka ya tisini Wajir ilipokuwa inachinjana, nyinyi wa mia mia mlikuwa wapi, na walioanza kusema basi ni akina nani kama si wanawake wa sokoni. Hapo wazee waliangalia viatu. Maana ni kweli na kila mtu anaijua. Dekha Ibrahim Abdi, mmoja wa wanawake hao, alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, mwaka ule ule mambo haya ya Virmire yalipotoka kiwandani. "Basi mwandike," mama akasema, "Ashley ni mia. Na Tali ni mia mbili." Kesi ikamalizwa kwa soda tisa za baridi kutoka jokofu langu. Aliyelipa mnamjua.

Transfoma ilikufa wiki iliyofuata, usiku wa safari ya mwisho ya gemu ya pili, ile ambayo utingo wote wanaweza kufa usipompa kila mmoja kazi anayoiweza. Umeme ulipotea, ukarudi kwa hasira, kukatoka harufu, paka akapita juu ya vichwa vyetu. Fundi yuko Garissa. Mpwa, ambaye hajifunzi, akanishauri nichague wawili: mmoja wa mashine, mmoja wa nguvu. Nikachagua. Mwalimu kwa ajili ya volti, dereva kwa ajili ya lori. Alfajiri, nikawaambia, kimyakimya.

Alfajiri nikamkuta mama ameketi mbele na chupa ya chai na kopo la nyirinyiri, kwa kuwa ana ndugu wa kumsalimu. Mzee wa betri alikuwa nyuma, anakwenda kutazama macho hospitali. Vijana watano wa mpira, sababu hawakutoa. Mbuzi mmoja, wa mtu. Mpwa alikuwa ameipakata Xbox ndani ya taulo lake kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha kwanza askari akamulika tochi uso mmoja mmoja, akahesabu, akahesabu tena, akaniuliza mimi, "Mzee, hawa wote ni wa nini?" Nikamwambia mimi nilichagua wawili.

Kabla ya Modogashe lori likazama kwenye mchanga wa laga. Jua lilikuwa limeshapanda. Huko nyuma walikuwa wamerudi kwenye Garrus na Wrex, nani angesukuma na nani angelenga shabaha, na mama akiwaambia Tali angekuwa ameshaitengeneza injini. Utingo, yule kijana wa Isiolo, akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaanza kuchimba. Baada ya muda akainua kichwa kunitazama.

"Mzee, hao wa kwenye tivi," akasema, "gari likizama, anashuka nani?"

Nilikuwa bado nalifikiria jibu aliponitupia beleshi la pili.